Kutoka «eti» hadi «ndiye»

Mtu akipotea siku hizi, makundi mawili hutoka kumtafuta. Kundi la kwanza lina miguu: ndugu, majirani, polisi, watu wa kanisa wanaopita hospitali kwa hospitali na picha mkononi. Kundi la pili lina simu. Limekaa mbali, mara nyingi katika nchi nyingine kabisa. Halikumjua aliyepotea, wala halijaiona njia aliyopita. Lakini linakuza picha zake, linasikiliza maneno ya mume au ya mama yake, linachora ramani, linahesabu dakika, halafu linatoa hukumu. Tuwaite wapelelezi wa simu.

Wengi huwadharau kwa kusema kwamba hawana kazi ya kufanya. Mimi sioni kwamba udadisi ni kosa, wala huruma ya kumfikiria mtu usiyemjua. Ninaona kwamba kosa lao kubwa ni kosa la lugha: wanayapa maneno uzito ambao maneno hayana, na wanavuka kutoka swali hadi tamko bila kuona mahali walipovukia. Kama ni kosa la lugha, basi linatuhusu sisi wa kitivo hiki kuliko wengi.

Nichukue kisa kilichochunguzwa hadi mwisho. Tarehe 27 Januari 2023, katika kijiji cha St Michael's on Wyre, kaskazini-magharibi ya Uingereza, mama mmoja aliwafikisha binti zake wawili shuleni, kisha akaenda kumtembeza mbwa kando ya mto Wyre. Baadaye simu yake ilikutwa juu ya benchi, ingali imeunganishwa na mkutano wa kazi. Mbwa alikuwa karibu, amefunguliwa. Mwenyewe hakuonekana. Sitamtaja jina. Limekwisha tajwa mno, na binti zake ndio watakaokua nalo.

Polisi wa Lancashire walisema mapema kwamba walidhani ameanguka mtoni. Maelezo hayo yaliwaonekea wapelelezi wa simu kuwa mepesi mno. Simu juu ya benchi ikageuka kuwa simu iliyowekwa makusudi. Mwenzi wake na marafiki zake walipozungumza kwenye televisheni kuomba msaada, watu walizisoma nyuso zao na maneno yao wakitafuta dalili ya hatia. Video juu ya kisa hicho zilitazamwa mara mamilioni. Wengine walifunga safari hadi kijijini, wakajirekodi wakizungukazunguka kwenye nyumba za wenyeji na kuchimba msituni, mpaka polisi wakatoa amri ya kuwatawanya.

Tarehe 19 Februari mwili ulipatikana katika mto uleule, kiasi cha maili moja kutoka kwenye benchi. Mwezi wa Juni, mchunguzi rasmi wa vifo alihitimisha kwamba mama yule alianguka kwa bahati mbaya katika maji baridi sana, akazama. Hakupatikana ushahidi wowote wa mkono wa mtu mwingine. Yaani yale maelezo ya siku za kwanza, yaliyodharauliwa kwa wepesi wake, ndiyo yaliyokuwa ya kweli.

Haki inataka tuseme pia kwamba polisi nao walikosea. Tarehe 15 Februari walitangaza hadharani habari za afya ya mama huyo. Ripoti ya Chuo cha Polisi cha Uingereza, iliyotoka Novemba 2023, ilisema kwamba tendo hilo halikuwa la lazima na lingeweza kuepukwa. Ilisema pia kwamba polisi waliacha pengo la habari, na uvumi ukalijaza. Hilo ni kweli, na sisi wa nchi hii tunalijua pengo hilo vizuri. Lakini pengo linaeleza tu kwa nini watu walisema. Halielezi kwa nini walisema kwa uhakika namna ile.

Hapo ndipo sarufi inaingia. Kiswahili kina vyombo vingi vya kupima umbali kati ya msemaji na jambo analolisema. Tuna «eti», tuna «nasikia», tuna «inasemekana», tuna «huenda», tuna «labda», tuna «yaonekana». Mtu mzima anayeheshimu ulimi wake hutumia maneno haya kama mfanyabiashara anavyotumia mizani. Akisema «eti», amekuambia: hili nimelipokea, sikuliona mwenyewe, usinishike kwalo. Ni neno dogo lakini lina uaminifu mkubwa.

Sasa angalieni linavyosafiri. Msichana amepotea katika mtaa. Ujumbe wa kwanza wa sauti unasema: «Eti kuna kijana mmoja wa pikipiki alionekana naye.» Anayeupokea anausimulia upya, na katika kusimulia anaacha «eti», maana neno hilo linapunguza utamu: «Kijana wa pikipiki alionekana naye.» Wa tatu anaona «alionekana» ni neno la woga, halina mwenye macho: «Watu walimwona kijana wa pikipiki akimbeba.» Wa nne anamaliza kazi: «Yule kijana wa pikipiki ndiye aliyemchukua.» Hakuna hata mmoja kati ya wanne hawa aliyeona anasema uongo. Kila mmoja alisahihisha sentensi ya mwenzake kidogo tu. Lakini kutoka «eti» hadi «ndiye» mtu amehukumiwa, na hakuna ushahidi mpya hata mmoja ulioongezwa njiani.

«Ndiye» ni neno la kuogopwa. Halisemi tu kwamba fulani alifanya. Linasema kwamba ni yeye na si mwingine. Linafunga milango yote kwa mara moja. «Anafanana naye» huacha mlango wazi. «Ndiye» haliachi hata dirisha.

Marekani ililijifunza hilo kwa gharama kubwa mwaka 2013. Tarehe 15 Aprili mabomu mawili yalilipuka kwenye mbio za marathoni mjini Boston, watu 3 wakafa na mamia wakajeruhiwa. Siku tatu baadaye FBI ilitoa picha za washukiwa wawili. Wapelelezi wa Reddit wakazilinganisha na picha ya mwanafunzi mmoja wa Brown University, aliyekuwa amepotea tangu Machi. Usiku uleule «anafanana» ikawa «ndiye». Familia yake ilikuwa imefungua ukurasa wa Facebook wa kumtafuta. Ukurasa ukajaa maneno ya chuki hadi wakaufunga. Washukiwa wa kweli walikuwa ndugu wawili wengine kabisa. Tarehe 23 Aprili mwili wa mwanafunzi yule ulipatikana mtoni mjini Providence. Alikuwa amekufa kabla mabomu hayajalipuka. Wakuu wa Reddit waliomba radhi hadharani. Lakini fikirini hasara yenyewe: mahali pamoja palipojengwa kwa ajili ya kumtafuta pakafungwa na watu waliosema wamempata.

Niende kwenye jambo la pili, ambalo linagusa masomo yetu kwa karibu zaidi. Wapelelezi wa simu wanapenda sana kusoma nyakati za vitenzi. Kanuni yao ni hii: mzazi au mume akimtaja aliyepotea kwa wakati uliopita, basi anajua kwamba amekufa, na kama anajua, basi ana mkono humo. Kanuni hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1994, katika mji wa Union, South Carolina, mama mmoja alisema kwamba mtu mweusi alimnyang'anya gari pamoja na watoto wake wawili wa kiume. Katika kuwalilia hadharani aliwataja kwa wakati uliopita, na baadaye walimu wa polisi walilitumia jambo hilo kama mfano wa mafunzo. Baada ya siku tisa alikiri kwamba aliwazamisha yeye mwenyewe ziwani. Tangu hapo mfano huo umekuwa kama aya ya msahafu kwa kila anayechambua video ya mzazi anayelia.

Lakini soma kisa kizima, si sentensi moja. Kati ya mambo yaliyoyavunja maelezo ya mama yule lilikuwamo jambo la taa ya barabarani. Alisema kwamba alisimama kwenye taa nyekundu, na kwamba hapakuwa na gari lingine. Taa ya njia panda ile iligeuka nyekundu kwa upande wake pale tu gari lingine lilipokuja kutoka barabara ya pembeni. Kitu hicho kinaweza kupimwa. Wakati wa kitenzi uliwafanya watu watie shaka. Taa iliwapa swali ambalo mwongo hakuweza kulijibu. Na tusisahau jambo lingine: kwa siku tisa nchi nzima ilimtafuta mtu mweusi asiyekuwapo, kwa sababu ya hadithi iliyosimuliwa kwa machozi. Wale waliojiona wanajua kusoma nyuso walisoma, wakaamini.

Sasa ileteni kanuni ile kwetu. Mama wa hapa akiulizwa juu ya mtoto wake, atasema «amepotea» kama anaeleza hali ya sasa. Mwulize lini, atajibu «alipotea Jumanne», kwa maana neno «Jumanne» linavuta «-li-» nyuma yake. Mwulize juu ya nguo, atasema «alikuwa amevaa shati la bluu». Hawezi kusema kwa wakati uliopo, kwani hajui amevaa nini sasa. Sentensi tatu, nyakati tatu, moyo mmoja ambao bado unangoja. Ongeza kwamba mama huyu labda anafikiri kwa Kinande, au Mashi, au Kibemba, anasema kwa Kiswahili, na mwandishi wa habari anamtafsiri kwa Kifaransa. Lugha nyingi za Kibantu zinatenga wakati uliopita wa karibu na ule wa mbali. Kiswahili kinabeba yote kwa «-li-». Tofauti ambayo mama ameifanya kichwani inapotea kabla haijafika mdomoni, na nyingine inazaliwa katika kutafsiri. Yule anayekaa na simu yake akasema «sikieni, ametumia wakati uliopita!» hakumsikia mama. Alimsikia mfasiri.

Na hata penye lugha moja tu, huzuni haina sarufi yake maalumu. Kuna anayelia kwa sauti, kuna anayenyamaza, kuna anayecheka kwa sababu fahamu zimechoka. Katika misiba yetu tumewaona wote hao, na hatukuwahi kusema kwamba aliyenyamaza ndiye aliyeua. Mtu aliyefunzwa kusoma maandishi anajua kwamba maana inataka mazingira: nani anasema, kwa nani, wapi, baada ya nini. Ukimkata mtu sekunde ishirini za video, umemnyang'anya mazingira yake yote. Kinachobaki ni kioo, na anayekitazama anajiona mwenyewe.

Najua nitajibiwa nini. Nitaambiwa kwamba polisi ni wachache, kwamba faili zinalala, kwamba bila kelele za watu wa kawaida waliopotea wanasahauliwa. Ni hoja nzito na siikatai. Kwa kweli wako watu wa kawaida waliofanya kazi kubwa, na tukiwaangalia vizuri tunapata kipimo.

Mwaka 1968, karibu na Georgetown, Kentucky, mwili wa mwanamke kijana ulikutwa umefungwa katika turubai. Hakujulikana jina, akazikwa bila jina. Miaka mingi baadaye Todd Matthews, mfanyakazi wa kiwandani wa Tennessee, ambaye baba mkwe wake ndiye aliyeuona mwili ule, alianza kutafuta jina hilo usiku baada ya kazi. Mwaka 1998, kwenye intaneti, alikuta tangazo la mwanamke aliyekuwa akimtafuta dada yake. Alilinganisha umri, urefu, mahali, mwaka. Kisha akapeleka habari kwa wenye mamlaka. Kaburi lilifukuliwa, vipimo vya DNA vikathibitisha. Na mwaka 2021, msichana Mmarekani alipopotea akiwa safarini na mchumba wake huko Wyoming, mume na mke waliokuwa wakirekodi safari yao wenyewe walikagua video zao, wakaona gari jeupe la wale wawili limeegeshwa msituni tarehe 27 Agosti. Waliipeleka video kwa FBI. Mwili wa msichana ulipatikana katika eneo lile.

Wapelelezi hawa wa kujitolea hawakusoma uso wa mtu. Walileta kitu: tarehe, mahali, picha, urefu, jina. Kitu ambacho mwingine angeweza kukikagua na kukikataa. Tena walimtafuta aliyepotea. Hawakutafuta wa kulaumiwa. Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza. Ukitaka kujua kama unasaidia au unaharibu, jiulize: sentensi ninayotaka kuituma, mtendaji wake ni nani? Kama ni aliyepotea («alionekana hapa, saa fulani»), huenda unasaidia. Kama ni mtu mwingine («huyu ana macho ya mwuaji»), simama.

Kuna aibu nyingine katika jambo hili ambayo haifai kufichwa. Wapelelezi wa simu hawamtafuti kila mtu. Marehemu Gwen Ifill, mwandishi wa habari Mmarekani mweusi, aliupa ugonjwa huo jina mwaka 2004: maradhi ya mwanamke mweupe aliyepotea. Katika jimbo lilelile la Wyoming, ripoti ya mwaka 2021 ilihesabu watu 710 wa makabila ya asili walioripotiwa kupotea kati ya 2011 na 2020. Hao hawakupata mamilioni ya watazamaji. Na waliopotea wa kwetu, katika miaka hii yote ya watu kukimbia vita na vitanda mgongoni, nani amewachorea ramani? Wamepata wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu wanaobandika picha za watoto na kuandika majina kwenye fomu, kazi ya polepole isiyo na makofi. Tukubali basi kwamba umati unapovamia kisa kimoja, mara nyingi unatafuta hadithi, na hadithi inataka mrembo na inataka mbaya.

Kwetu, huyo «mbaya» hapati muda wa kujieleza. Uingereza mwenzi wa yule mama aliumizwa kwa maneno. Ni jeraha kubwa, lakini aliishi kulitazama. Katika miji yetu, Goma, Bukavu au Lubumbashi, sote tunajua «haki ya umati» ni nini: mawe, tairi, petroli. Jambo hili si la Afrika peke yake. Agosti 2018, mjini Acatlán, Mexico, wanaume wawili walichomwa moto na umati mbele ya kituo cha polisi, baada ya ujumbe wa WhatsApp kusema kwamba kuna watekaji wa watoto. Hawakuwa wameteka mtoto yeyote. Basi kijana wetu wa pikipiki wa ule mfano wa juu, umbali wake na kifo ni sentensi nne. Hiyo ndiyo sababu siwezi kulichukulia «eti» kama somo la darasani tu.

Tufanye nini? Kuwaambia watu «nyamazeni» hakufai. Mama aliyepotelewa na mtoto anahitaji sauti za watu, tena haraka. Tunachoweza kufanya sisi wa lugha ni kumpa sauti hizo umbo jema. Napendekeza kitivo chetu, wanafunzi pamoja na walimu, tutunge mfano mmoja wa tangazo la mtu aliyepotea, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa lugha za majimbo yetu, tuugawe bure kwa redio, makanisa, misikiti na mashefu wa mitaa. Usizidi mistari mitano. Kwa mfano:

«Anatafutwa: msichana wa miaka 14 (jina na picha). Aliondoka nyumbani Jumanne, tarehe fulani, saa kumi jioni, akielekea sokoni. Alikuwa amevaa sweta nyekundu na kandambili. Anasema Kiswahili na Kinande. Aliyemwona kwa macho yake apige namba hii ya familia, au aende kwa OPJ. Tangazo hili limetolewa Jumatano saa mbili asubuhi.»

Angalieni kilichomo na kisichomo. Kila kitenzi kina mwenyewe. Hakuna «inasemekana», hakuna mshukiwa, hakuna kisifa cha kuchoma moyo. «Kwa macho yake» linamzuia mwenye «eti» asijaze simu ya familia. Saa ya kutolewa ipo, kwa sababu matangazo ya kwetu huzunguka hata miaka baada ya mtoto kurudi nyumbani. Tangazo la pili liwe tayari tangu siku ya kwanza, lenye neno moja, «Amepatikana», ili la kwanza lipate kufa.

Na kwa kila mmoja wetu, katika kundi lake la ukoo, la kwaya, la promosheni, iko kazi ndogo isiyohitaji fedha. Ujumbe ukifika, uliza: «Nani aliona?» Kama hakuna jibu, rudisha «eti» mahali pake kabla hujapitisha, au bora zaidi, usipitishe. Utaonekana mchoyo wa habari. Utaambiwa kwamba unamtetea mwizi wa watoto. Vumilia. Siku moja neno hilo dogo litasimama kati ya umati na kijana wa pikipiki ambaye alikuwa anapeleka abiria tu.